Aliyechangiwa Naye Achange

Hotuba ya baba na binti yake, iliyotolewa katika ukumbi wa hekalu jioni ya maadhimisho

 

Tunaanza kwa kuomba radhi. Katika ratiba mliyo nayo mkononi imeandikwa kwamba atazungumza msemaji mmoja, nanyi mnaona tumesimama wawili. Tulipoombwa kusimulia habari za mbio za hisani tulizokimbia pamoja mwaka juzi, kila mmoja wetu alimsukumia mwenzake kazi hiyo. Mwishowe tukaketi mezani jioni tatu mfululizo, baada ya kuondoa vyombo vya chakula, tukaiandika hotuba hii kwa pamoja. Na pale tuliposhindwa kukubaliana, tumeyaandika hayo mabishano yenyewe. Kwa hiyo tutasema "sisi". Pale itakapolazimu kututenganisha tutasema "mkubwa" na "mdogo", nanyi mtaelewa ni nani, ingawa siku hizi mdogo anakaribia kumpita mkubwa kwa kimo.

Mbio zenyewe zilikuwa fupi: kilomita 5, kando ya bahari, hapa hapa Dar es Salaam. Hatukushinda chochote. Waliotutangulia walikuwa wengi kuliko tuliowaacha nyuma. Tusingethubutu kuwachukulieni muda wa sherehe kwa habari hiyo, kama si kwamba ndani yake kulikuwa na deni, na wanaotudai ni ninyi mliomo humu ukumbini.

Wengi wenu mnaukumbuka mwaka 2012. Mdogo alikuwa na umri wa miaka 3. Alizaliwa na tundu katika ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya chini vya moyo. Matundu madogo ya namna hiyo mara nyingi hujiziba yenyewe mtoto anapokua, lakini lake lilikuwa kubwa. Sehemu ya damu iliyokwisha kupata hewa safi ilipenya kwenye tundu hilo na kurudi tena mapafuni badala ya kwenda mwilini, na moyo ukalazimika kufanya kazi zaidi ya uwezo wake. Alipokuwa mchanga alinyonya kidogo, akatoka jasho kipajini, akapumzika, kisha akanyonya tena kidogo. Uzito haukupanda kama inavyotakiwa. Alipoanza kutembea, ngazi za nyumba yetu pale Upanga zilimshinda. Alisimama kila baada ya hatua nne, akishika ukuta, na wapangaji wenzetu walizoea kumsubiri apite.

Wakati huo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili ilikuwa haijaanzishwa. Ilianzishwa mwaka 2015. Wagonjwa wengi wa moyo wa nchi hii walipelekwa kutibiwa nje, hasa India, nasi tukaambiwa tujiandae kwa safari hiyo. Duka letu la vifaa vya umeme lilikuwa changa, na mali iliyokuwamo ilikuwa ya mkopo. Hekalu likafungua daftari la michango. Fundi cherehani wa chini ya nyumba yetu, ambaye ni Mwislamu, alizungusha daftari lake mwenyewe baada ya sala ya Ijumaa. Akina mama wa jumuiya ya kanisa la jirani walileta bahasha isiyokuwa na jina hata moja. Mama anayekaanga vitumbua kwenye kona alikataa kupokea fedha zetu kwa mwezi mzima, akisema hizo zikae kwenye nauli ya mtoto.

Tulikwenda. Madaktari walifungua kifua, wakausimamisha moyo huku mashine ikifanya kazi ya moyo na mapafu, wakashona kiraka juu ya tundu, kisha wakauamsha moyo upya. Tulielezwa kwamba baada ya muda mwili hukifunika kiraka hicho kwa utando wake wenyewe, kikawa sehemu ya moyo. Baada ya wiki tano tulirudi nyumbani. Mdogo alipanda ngazi zote bila kusimama. Alibaki na kovu kutoka chini ya koo hadi mwisho wa mfupa wa kifua. Mkubwa naye alibaki na lake, ila lake halikuonekana.

Hapa mkubwa anaomba kukiri. Kila mwaka daktari alimpima mdogo na kusema kwamba moyo unafanya kazi vizuri, mtoto aachwe acheze kama wenzake. Na kila mwaka mkubwa aliitikia, akashukuru, kisha akaandika barua shuleni kuomba mtoto asamehewe kipindi cha michezo. Baiskeli hakununuliwa. Siku ya mashindano ya shule alikaa kwenye kivuli akitunza chupa za maji za wenzake. Mtu alipomwuliza sababu, jibu lilitolewa na mkubwa kabla mdogo hajafungua kinywa: "Huyu ana moyo." Mdogo anasema alifika darasa la tano ndipo akagundua kwamba watu wote wana moyo, na kwamba maneno hayo hayakuwa na maana yoyote.

Ndipo lilipokuja tangazo la mbio. Mdogo alikuwa na miaka 13. Fedha zote zitakazopatikana, lilisema, zitagharimia matibabu ya watoto wenye maradhi ya moyo ambao wazazi wao hawana uwezo. Mdogo alileta fomu mezani. Mkubwa aliisoma, akatoa pochi, akasema jambo hili ni jema sana na familia yetu itachangia mara mbili ya kiwango kilichowekwa, hakuna haja ya kukimbia. Mdogo hakuigusa pochi. Alisema, "Baba, mimi tangu nizaliwe nachangiwa. Nitachanga lini?"

Mkubwa hakuwa na jibu. Aliyejibu alikuwa Bibi, aliyekuwa akichambua mchele upande wa pili wa meza.

Ninyi wana hekalu mnaijua habari ya Shravan. Kwa majirani zetu ambao huenda hawakuisikia, tuieleze kwa ufupi. Shravan alikuwa kijana mwenye wazazi vipofu na wazee, waliotamani kwenda kuhiji katika mahali patakatifu kabla ya kufa. Akatengeneza mzega, fimbo ndefu yenye kikapu kila upande, akamweka mama katika kikapu kimoja na baba katika kingine, akawabeba begani katika safari nzima. Sisi sote tumelelewa kwa hadithi hiyo, na sifa zote humwendea Shravan. Usiku ule Bibi alisema jambo ambalo hatukuwahi kulisikia kwake. Alisema, "Mnamsifu aliyebeba. Lakini nani aliyechagua njia? Waliokuwa ndani ya vikapu. Shravan aliwauliza wanataka kwenda wapi, na akawapeleka huko, si kwingine." Kisha akaendelea na mchele wake.

Asubuhi iliyofuata tulikwenda kliniki. Daktari bingwa wa moyo alimpima mdogo kwa kipimo cha mawimbi ya sauti, akapima umeme wa moyo, akamfanya atembee haraka na kuruka papo kwa papo. Alisema anaweza kukimbia, ajizoeze polepole, na asimame akisikia kizunguzungu au maumivu ya kifua, jambo ambalo angemwambia mtoto yeyote mwenye historia kama yake. Mkubwa aliuliza swali lile lile mara tatu kwa namna tatu. Daktari akacheka, akamwambia akae kwenye kiti na akunje mkono wa shati. Presha ilisoma 160 kwa 100. Akarudia kipimo baada ya robo saa, haikushuka sana. "Mzee," akasema, "mwenye moyo wa kutia wasiwasi humu ndani ni wewe." Siku hiyo mtoto alitoka kliniki bila dawa na baba akatoka na vidonge, amri ya kupunguza chumvi, na ushauri wa kutembea kila siku. Mdogo ameomba sehemu hii isomwe na yeye, na ameisoma kwa furaha isiyofichika.

Tulianza mazoezi tukiwa na wiki 10. Saa 11 alfajiri, kabla jua la Dar es Salaam na jasho lake havijaamka, tulitoka Upanga tukishuka hadi barabara ya pwani. Wiki ya kwanza tulikimbia dakika moja na kutembea dakika mbili, mara saba. Wiki ya nne tulikimbia dakika tatu na kutembea moja. Wiki ya nane tulifika kilomita 4 bila kusimama, tukiwa wekundu kama nyanya. Tulijifunza mambo madogo ambayo hakuna aliyetufundisha: kwamba raba mpya huchubua kisigino, kwamba ukiweza kuzungumza sentensi nzima mwendo wako ni wa sawa, na kwamba wavuvi wanaorudi asubuhi humsalimu anayekimbia kwa kumpa moyo, si kwa kumcheka.

Kila mkimbiaji alitakiwa kutafuta watu wa kuahidi mchango kwa kila kilomita. Hapa ndipo tulipokosana, na tumekubaliana kuwasimulieni bila kuficha.

Mkubwa aliandika ujumbe wa kusambaza kwenye makundi ya WhatsApp. Juu ya ujumbe aliweka picha ya mwaka 2012: mtoto wa miaka 3 kitandani, mirija puani, bendeji kifuani. Michango ilianza kuingia usiku ule ule. Asubuhi, mwanafunzi mmoja alimwonyesha mdogo picha hiyo kwenye simu ya dada yake, mbele ya wengine, na kumwuliza kama alikuwa amekufa kisha akafufuka. Mdogo alirudi nyumbani, hakula, na kwa siku mbili hakuzungumza na mkubwa. Siku ya tatu alisema, "Wamemchangia yule wa kitandani. Mimi siye yule."

Mkubwa alijitetea. Alisema watu hutoa wanapoona. Macho ndiyo yanayofungua mkono. Na ni picha hiyo hiyo iliyookoa maisha yake mwaka ule. Hayo yote ni kweli, na mdogo hakuyakana. Alisema tu kwamba mwaka ule alikuwa na miaka 3 na hakuna aliyeweza kumwuliza, na sasa ana miaka 13 na hakuna aliyemwuliza. Hatuoni kwamba hoja hiyo ina jibu. Tuliiondoa picha. Tukaketi pamoja, tukaandika barua nyingine yenye mistari sita: jina letu, siku ya mbio, fedha zinakwenda kufanya nini, na kwamba wakimbiaji ni wawili, wote wapya katika kazi hiyo. Kuhusu kovu hatukuandika neno.

Baada ya barua ile michango iliingia polepole. Lakini mazungumzo yalibadilika. Fundi cherehani aliahidi shilingi 5,000 kwa kila kilomita, na tangu siku hiyo kila mdogo alipopita mlangoni pake hakumwuliza tena kama anajisikia vizuri. Alimwuliza, "Leo umefikisha dakika ngapi?" Mdogo anasema hilo ndilo lililomfanya aamke saa 11 siku alizotamani kulala.

Katika wiki hizo tulisoma pia habari za watu wawili ambao huenda baadhi yenu mmewasikia, Dick Hoyt na mwanawe Rick, wa jimbo la Massachusetts, Marekani. Rick alizaliwa mwaka 1962 akiwa na mtindio wa ubongo, kwa sababu kitovu kilimzunguka shingoni na ubongo ukakosa hewa. Hakuweza kutembea wala kusema. Wazazi wake walishauriwa wampeleke kwenye taasisi ya kutunzia watu wa namna hiyo na kumsahau. Wakakataa, wakamlea nyumbani kama watoto wao wengine. Alipokuwa na umri wa miaka 10 hivi, wahandisi wa Chuo Kikuu cha Tufts walimtengenezea kompyuta aliyoweza kuichagulia herufi kwa kugusa kitufe kwa kichwa, na hapo familia ikaanza kusikia mawazo yake.

Mwaka 1977 Rick alisikia kwamba kutakuwa na mbio za hisani za maili 5 kumsaidia kijana mwanamichezo aliyepooza baada ya ajali. Akamwambia baba yake kwamba anataka kushiriki. Tuombe mlitafakari hilo. Kijana asiyeweza kuinua mkono wake aliona mwenzake amepatwa na msiba, na haja yake ilikuwa kwenda kumsaidia. Dick hakuwa mkimbiaji; alikuwa mwanajeshi aliyekaribia miaka 40. Alikisukuma kiti cha magurudumu cha mwanawe maili zote 5, na wakamaliza wakiwa wa pili kutoka mwisho. Usiku ule Rick aliandika kwenye kompyuta yake kwamba walipokuwa wakikimbia alihisi kana kwamba hana ulemavu.

Baada ya hapo walikimbia pamoja zaidi ya mara 1,000, zikiwamo mbio za marathoni 32 za Boston. Rick alihitimu Chuo Kikuu cha Boston mwaka 1993. Sanamu yao ya shaba imesimama Hopkinton, mahali marathoni hiyo inapoanzia. Dick alifariki mwaka 2021 na Rick mwaka 2023. Dunia ilimsifu sana baba kwa miguu na mikono yake, na ilistahili kumsifu. Lakini sisi tuliosoma habari zao tukiwa na maneno ya Bibi masikioni tuliona kwamba mambo yalikuwa yale yale ya vikapu vya Shravan: aliyesukuma alikuwa baba, na aliyechagua njia alikuwa aliyekaa kitini.

Sasa siku yenyewe. Bibi alitupaka tika, akamlisha kila mmoja wetu kipande kidogo cha prasadi, akakataa kuja kwa sababu ya magoti. Saa 12 kamili asubuhi tulikuwa kwenye mstari wa kuanzia tukiwa na namba kifuani. Palikuwa na watu wa kila aina: wanajeshi, wafanyakazi wa benki, akina mama waliovaa hijabu na raba, wazee wenye fimbo waliokuja kutembea, na watoto waliobebwa mabegani.

Kilomita ya kwanza tuliianza kwa kasi mno, kama wafanyavyo wote wasiojua. Katika kilomita ya pili mkubwa alianza kazi ambayo hakuna aliyempa. Kila baada ya dakika chache alimshika mdogo mkono, akamvuta kando, akaweka vidole kwenye kifundo cha mkono kuhesabu mapigo. Alimwuliza kama anaona giza. Alimtazama kucha kama zimebadilika rangi. Kwenye meza za maji alimlazimisha asimame anywe glasi nzima. Watu walitupita, tuliwapita tena, wakatupita tena. Karibu na alama ya kilomita 3 mdogo aliuchomoa mkono wake. Hakupaza sauti. Alisema, "Baba, mimi nakimbia na wewe. Wewe unakimbia na kovu langu."

Tulisimama pale, bahari upande mmoja na watu wakitupita upande mwingine. Mkubwa anakumbuka kwamba alitaka kukasirika na hakupata pa kuianzia hasira. Miaka 10 alikuwa akimtazama mwanawe kifuani; alikuwa amesahau kumtazama usoni. Alipomtazama aliona mtoto mwenye jasho, mwenye afya, aliyekuwa akifurahi mpaka alipokatizwa. Akasema, "Haya, twende." Hakumshika tena mkono.

Kilomita ya nne ilikuwa nzuri kuliko zote. Tulikimbia bega kwa bega bila maneno. Kisha miguu ya mkubwa ikaanza kuisha. Mdogo alipunguza mwendo, akapunguza tena, na mkubwa aliona wazi kwamba sasa ni mtoto anayemchunga mzee. Zilikuwa zimebaki mita 800 hivi. Mdogo aliuliza, "Niende?"

Ninyi mlio wazazi mnajua uzito wa swali hilo. Tulikwenda pale ili tukimbie pamoja. Tulikuwa tumeahidi hivyo kwenye barua. Tangu mwaka 2012 mkubwa hakuwahi kumwacha mdogo akimbie mahali asipoweza kumwona. Alisema, "Nenda." Fulana yake ilionekana kwa muda kati ya fulana nyingine zilizofanana nayo, kisha haikuonekana. Mkubwa hawadanganyi: hofu haikutoka. Aliendelea kukimbia ikiwa ndani yake, na akafika nayo.

Mdogo alikuwa akisubiri ng'ambo ya mstari wa kumalizia, na chupa mbili za maji. Yeye anasema alisubiri dakika tano. Mkubwa anasema hazikuzidi tatu. Suala hili bado liko mezani. Aliponyoosha mkono kumpa baba yake chupa, alisema kwa sauti ya daktari, "Mzee, unaona giza?" Tulicheka mpaka watu wakatugeukia.

Dick Hoyt alimsukuma Rick hadi mwisho, kwa kuwa hiyo ndiyo njia aliyoichagua Rick. Mdogo alichagua nyingine. Tumejifunza kwamba kukimbia pamoja hakulazimu kufika kwa wakati mmoja. Kinachotakiwa ni kwamba kila mmoja ajue mwenzake anataka kwenda wapi, na asimzuie njiani kwa jina la upendo.

Jumatatu iliyofuata tulipita mlango kwa mlango kukusanya ahadi. Fundi alihesabu shilingi 25,000 juu ya meza ya cherehani, kisha akampa mdogo mkono, kama anavyompa mtu mzima. Mama wa vitumbua alisema hakuahidi kitu kwa kuwa hakuamini kwamba tungemaliza, akatoa noti ya 2,000. Fedha zote tuliziwasilisha kwa waandaaji. Tulipotoka pale mdogo alisema jambo ambalo ametukataza tusilipambe: kwamba kwa mara ya kwanza alipita mtaani mwetu bila kujiona kuwa mdaiwa.

Mheshimiwa Mwenyekiti, hekalu letu na mtaa wetu vimesaidia wengi, na katika maadhimisho haya ni haki kulishukuru hilo. Sisi ni mashahidi: bila ninyi tusingesimama hapa. Kwa kuwa ni mashahidi, tunaomba kutoa maombi matatu.

La kwanza. Tunapofungua daftari la michango kwa ajili ya mgonjwa, tumwulize kwanza yeye mwenyewe, kama umri na hali vinaruhusu, ni nini kisemwe juu yake na ni picha gani ionyeshwe. Akisema hakuna, tutafute maneno. Maneno yapo. Mistari sita ilitutosha.

La pili. Tusiwaache waliosaidiwa wakae kivulini wakitunza chupa za maji. Mjane aliyelipiwa kodi ya nyumba anajua kupika kwa ajili ya watu 300. Kijana aliyelipiwa ada anaweza kufundisha hesabu Jumamosi. Tuwaulize. Kupokea siku zote bila kupewa nafasi ya kutoa ni mzigo, na mzigo huo hauonekani kwenye kipimo chochote cha daktari.

La tatu ni dogo na ni la wazee wenzake mkubwa. Kapimeni presha. Aliyekuwa akilinda moyo wa mwanawe kwa miaka 10 hakujua kwamba wake ulikuwa ukiumia, kwa sababu haukumwuma. Na kila Jumapili saa 11 alfajiri sisi wawili tunaanzia hapa kwenye lango la hekalu, tunatembea na kukimbia polepole hadi baharini na kurudi. Lango liko wazi kwa wana hekalu na kwa majirani wote. Hakuna ada wala namba ya kifuani. Anayetaka kwenda mbele ataachwa aende, na anayechelewa atakuta maji.

Bibi yuko pale safu ya pili. Anasema mwaka huu magoti yameruhusu, naye ataketi langoni kutuhesabu tunaporudi.